Goti la Kiguu na Njia

Mashabiki walimpa jina la Kiguu na Njia kabla hajawachezea hata mechi moja. Lilikuwa jina la kejeli. Alikuwa mchezeshaji wa mpira wa kikapu, yule mgawa mipira wa timu, aliyekwisha kuvaa jezi za timu nyingi, hata watangazaji walipozitaja walilazimika kuvuta pumzi katikati. Hakuwa mchezaji mbaya. Wachezaji wabaya huachwa. Yeye alikuwa akiondoka mwenyewe. Mahali pakianza kumzoea tu, nyayo zinaanza kumwasha.

Alijiunga na timu hii akiwa na miaka thelathini na minne, goti la kulia lililokwisha kupasuliwa, mke, na binti wa miaka tisa ambaye watu wote walimwita Chiriku, kwa sababu hakunyamaza hata alipokuwa akipiga mswaki. Kwa hiyo nyumbani hakuwa Kiguu na Njia. Alikuwa Baba Chiriku, na mkewe Mama Chiriku.

Mama Chiriku alikuwa mpima macho. Katika kila mji alipata kazi ya kushikilia tu: huyu kaenda kujifungua, yule kaenda masomoni, naye anakaa kwenye kiti cha mtu mpaka mwenyewe arudi au mumewe ahame, lolote litakalotangulia. Safari hii mwenye duka la miwani alimkabidhi chumba cha kupimia kiwe chake. Aliutundika mwenyewe ubao wa herufi, akapaka rangi mlango. Na wiki ile ile, nyumbani, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifungua maboksi yote.

Miji mingine yote, nusu ya maboksi yalibaki nyuma ya mlango na gundi yake, maana ya nini kufungua kitu utakachokifunga kesho. Sasa Baba Chiriku alirudi mazoezini akakuta vyombo kabatini, vitabu rafuni, na mkewe ameketi sakafuni akiyakunja makaratasi ya maboksi na kuyafunga kwa kamba.

"Unayapeleka wapi?"

"Natupa."

"Maboksi mazuri hayo. Tutayahitaji."

"Nani?" akauliza mkewe, bila kuinua kichwa.

Baba Chiriku alizunguka sebuleni, akagusa hiki, akasogeza kile, akatoka kwenda kununua mkate ambao tayari ulikuwepo.

Msimu ulianza vibaya. Timu ilikuwa imemaliza mkiani mwaka uliopita, na ilionekana imepapenda. Walipoteza mechi nne mfululizo, ya nne wakiwa nyumbani, mbele ya mashabiki walioanza kuondoka robo ya tatu kama watu waliokumbuka wameacha jiko linawaka. Kesho yake kocha, mtu mzima mwenye sauti iliyokauka kwa miaka ya kupiga kelele, akamwita pembeni.

"Kuanzia mechi ijayo ataanza Umeme."

Umeme alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja mwenye mbio za ajabu. Aliwapita wapinzani wote, halafu akajipita na mwenyewe, mpira ukatoka nje. Lakini mbio zile ndizo timu ilizikosa, na kila mtu aliliona hilo, Kiguu na Njia akiwemo.

"Nataka ukae naye karibu," kocha akaendelea. "Kijana anaona kikapu tu. Mfundishe kuona watu."

"Kocha, mimi nimesajiliwa kucheza."

"Najua. Na mimi nimeajiriwa kushinda."

Basi akakaa benchi, na kukaa ndiko kulikomshinda. Alivua soksi akazivaa upya. Alikunywa maji bila kiu. Mguu wake wa kushoto ulitikisika mfululizo, benchi zima likatikisika nao, mpaka nahodha, jitu la mita mbili na ushei ambalo wenzake waliliita Kabati, akamwekea kiganja gotini.

"Kaka," akasema Kabati, "hili benchi, si cherehani."

Wenzake wakacheka. Yeye pia alicheka, na dakika moja baadaye mguu ukaanza tena.

Umeme akapoteza mipira, akafunga, akapoteza, akafunga zaidi. Wakashinda mechi mbili, wakapoteza moja, wakashinda tatu. Mji ukaanza kuwasalimia wachezaji barabarani. Katika hali ile, siku moja mchana, simu ikaita akiwa kwenye maegesho ya magari nje ya ukumbi wa mazoezi. Alikuwa wakala wake.

"Kuna timu ng'ambo ya mpaka. Mchezeshaji wao amevunjika mkono. Wanataka mtu kabla dirisha la usajili halijafungwa. Utaanza kila mechi."

"Sawa," akasema.

Alisema sawa kabla sentensi ya wakala haijatua vizuri. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Angekubali kwanza, kisha angerudi nyumbani na kuku wa kuchoma na uso wa mtu anayetaka kusamehewa, na mke angeambiwa mwisho, siku moja na mtoto. Siku ile ile alikwenda kupigwa picha za goti, zikatumwa kwa daktari wa timu ile mpya. Kutoka hapo akawa mwili uko, roho haiko. Mazoezini kocha akichora mpango mpya ubaoni, yeye anatazama saa. Moyoni alikwisha kuaga.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha jioni, alijaribu kulitanguliza neno.

"Kuna timu inaniulizia."

Mama Chiriku akaweka kijiko chini. Akamwambia binti yao aende kumalizia hesabu chumbani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile Chiriku akaenda bila kuuliza kwa nini.

"Inakuulizia, au umeshaijibu?"

"Inaniulizia."

"Basi wajibu unavyoona, Baba Chiriku. Lakini mimi na mtoto hatutoki hapa. Sikutishi, na wala sina hasira, hasira zangu unazijua. Ukienda, tutapigiana simu, ukipata mapumziko utakuja. Ila mimi nimechoka kuwa mzigo, leo napandishwa, kesho nashushwa."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha mumewe. Angepigiwa kelele angejua la kufanya.

Wakala alipiga simu asubuhi yake. Kiguu na Njia alitoka chumba cha kubadilishia nguo, taulo begani, akasimama kwenye ujia.

"Wameona picha za goti," wakala akasema. "Wanasema asante."

"Asante ya nini?"

"Asante, basi. Ndugu yangu, daktari wao kakataa. Kasema goti hilo halimalizi msimu."

Alibaki pale ujiani kwa muda. Msafishaji alipita na ndoo mara mbili, mara ya pili akamwomba asogee. Hakukumbuka alivyorudi nyumbani, ila alikumbuka vizuri kilichotokea alipofungua mlango. Mkewe alikuwa jikoni, mgongo umemwelekea. Hakugeuka.

"Umewajibu?"

"Siendi," akasema.

Lilikuwa neno la kweli. Hakwenda. Lakini Mama Chiriku alizima jiko, akaja akamkumbatia, akalia kwenye shati lake bila sauti, na katika kulia kule mume akaona wazi kile mkewe alichokisikia. Ilikuwa nafasi ya kusema. Alifungua mdomo, kisha akaona heri akae hivi kidogo tu, dakika moja, ndipo aseme. Dakika ikapita. Jioni alimsikia akizungumza na dada yake kwenye simu nyuma ya ukuta. "Shemeji yako amekataa timu kwa ajili yetu," anasema, kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu wachumbiane.

Tangu siku ile hakukaa akakalika. Mkewe alikuwa mtu wa kuja uwanjani akialikwa. Sasa akawa anakuja kila mechi ya nyumbani, na Chiriku pembeni akiwafundisha waamuzi kazi yao. Alianza kumtania mumewe tena. Alimkanda goti kila jioni kwa mikono yake mwenyewe, goti lile lile, na kila alipoligusa mume alitamani sakafu ipasuke. Kitanda kilimchoma. Alijitolea kufanya kazi za nyumbani alizokuwa hajui zipo. Mkewe akamwambia jirani kuwa mwanamume akitulia anapendeza, na yeye akasikia, akaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Kwa kuwa hakuwa tena na pa kwenda, akaanza kumfundisha Umeme. Alianza bila moyo. Alikaa naye kwenye basi la timu, wakatazama mechi zilizopita kwenye simu.

"Unamwangalia nani hapa?" akamuuliza.

"Anayenikaba."

"Huyo achana naye, anakukaba, hajifichi. Mtafute aliyechoka. Mmoja kati ya wale watano siku zote amechoka kuliko wenzake. Ukishamjua, mpira unajua wenyewe pa kwenda."

Umeme akarudisha picha nyuma, akatazama tena. Baada ya hapo akawa anakuja mwenyewe: kwenye basi, hotelini, kwenye foleni ya chakula na sahani mkononi. Na katika kujibu maswali yale Kiguu na Njia aligundua kwamba anajua mambo mengi ambayo hakuwahi kukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuyasema.

Timu ikamaliza ligi katika nafasi ya nane, ya mwisho kuingia mchujo. Robo fainali walipangwa na waliomaliza kileleni, na watu wote wakasema wanakwenda kuzika. Wakashinda. Nusu fainali, mechi ya mwisho, zikiwa zimebaki sekunde chache, Umeme alikimbia kuelekea kikapuni na uwanja mzima ukajua atarusha. Hakurusha. Alitupa mpira nyuma ya mgongo wake kwa Kabati, ambaye beki wake alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta pumzi. Kabati akafunga. Ukumbi ulipolipuka, Umeme hakuwatazama mashabiki. Alimtafuta mtu kwenye benchi, na mtu huyo alikuwa amekwisha kusimama juu ya kiti, hajui amepandaje.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtangazaji wa redio, akitafuta la kusema, akamwekea Chiriku kipaza sauti mdomoni. Ilikuwa kama kumpa mvuvi bahari. Chiriku akaeleza kwamba baba yake alitakiwa na timu kubwa ng'ambo ya mpaka, yenye uwanja mkubwa, akakataa kwa sababu ya mama na yeye, na kwamba sasa baba hahami tena, na pia kwamba mwamuzi wa pili anahitaji miwani na mama yake anapima.

Redio ikairudia asubuhi, magazeti yakaidaka. Mechi ya kwanza ya fainali kulikuwa na kitambaa kimetandazwa upande mzima wa jukwaa: KIGUU KAFIKA. Walimwimba jina lake, na kejeli yote imetoka. Watu wazima walimsimamisha njiani kumshika mkono. Muuza magazeti alikataa kulipwa. Wakala wake alipiga simu, anacheka.

"Kumbe ulikataa wewe? Umejua kunigeuza mjinga."

"Sikusema mimi. Ni mtoto."

"Hewala. Lakini wale watu nao wanasikiliza redio, bwana. Mmoja wao akiamka vibaya, atakanusha."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya mwongo asiyesema uongo, akauacha tu ukae, nayo haikuzidi kwa urefu. Fainali ilikuwa ya mechi tano. Wakashinda, wakapoteza, wakapoteza, wakashinda, na katika siku zote hizo Kiguu na Njia hakujua alikula nini. Asubuhi ya mechi ya tano aliwaambia wenzake anakwenda kunyoosha miguu. Miguu ikampeleka mpaka duka la miwani.

Mama Chiriku alikuwa na nafasi kati ya mteja na mteja. Akafurahi kumwona, akamwingiza chumba cha kupimia, akamketisha kwenye kile kiti kirefu.

"Leo ndiyo umekumbuka macho? Haya, weka kidevu hapa. Soma mstari wa chini."

"Mama Chiriku, ile timu mimi sikuikataa."

"Mstari wa chini."

"Niliwakubalia. Niliwakubalia kabla sijakwambia. Wao ndio walionikataa, kwa sababu ya goti. Uliponiuliza nilisema siendi, wewe ukaelewa vile, mimi nikanyamaza."

Taa ya chumba ilikuwa imepunguzwa, kwa hiyo hakuona uso wake vizuri. Alimsikia tu akivuta kigoda na kukaa. Akasubiri. Nje kwenye duka mtu alikuwa akijaribu fremu na kumuuliza mwenzake kama zinamfaa.

"Kwa hiyo," akasema Mama Chiriku mwishowe, "ni goti lako ndilo linalotupenda."

Baba Chiriku akainua kidevu kutoka pale alipokiweka.

"Kwa nini unaniambia leo? Una mechi leo."

"Nisingeweza kucheza."

"Na mimi je? Mimi nitaweza kufanya kazi?" Aliinuka, akawasha taa, akafuta kwa pamba mahali pale mumewe alipokuwa ameweka kidevu, kama anavyofanya kwa kila mteja. "Kuna mtu anasubiri nje. Nenda."

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Chiriku alikuwa kwenye kiti chake pamoja na jirani yao. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Kiguu na Njia alikitazama mara nyingi kuliko alivyoutazama mpira. Robo ya nne, timu zikiwa sambamba, Umeme akafanya faulo ya tano, akatolewa. Alipopita benchi macho yalikuwa mekundu.

"Namba sita amechoka," akamnong'oneza. "Anajificha, lakini amechoka."

Kocha hakumtazama. Alionyesha uwanja kwa kidole tu, na Kiguu na Njia akavua fulana ya mazoezi.

Alicheza dakika zile kwa akili, maana goti lilikuwa limekwisha kusema lake. Hakukimbia sana, aliwakimbiza wengine. Alifunga mara moja kutoka mbali, alitoa pasi tatu zilizozaa pointi, na zikibaki sekunde za kuhesabika kwenye vidole walikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira mikononi mwake. Akaingia upande wa namba sita, akampita. Mabeki wawili wakamrukia. Katikati yao, karibu kabisa na kikapu, akamwona Kabati yuko peke yake. Akampa. Kabati akarusha, mpira ukazunguka kwenye duara la chuma, ukazunguka tena, ukaangukia nje. Filimbi ya mwisho ikalia.

Kabati alikaa sakafuni, akajifunika uso kwa jezi. Wapinzani walikuwa wakirukiana kwa shangwe. Kiguu na Njia akakaa karibu yake, mabega yamegusana, mpaka wafanyakazi wa ukumbi walipoanza kukunja viti.

Waandishi wote waliuliza swali moja: kwa nini hukurusha mwenyewe? Kabla hajajibu Umeme akadakia.

"Pasi ilikuwa sahihi," akasema. "Mpira ndio ulikosea."

Mama Chiriku alikuwepo. Alikuja na nguo za kazini, akasimama nyuma kabisa, penye mlango, robo yote ya nne. Hilo mumewe aliambiwa na binti yake. Mkewe mwenyewe, walipokutana nyumbani, alisema, "Pole na mchezo," akaenda kulala.

Wiki zilizofuata alimtendea kwa adabu. Karibu chakula. Samahani, naomba nipite. Umeamkaje? Maji ya moto yapo, ukipenda. Kila neno lilikuwa jema na kila neno lilimkata. Alijua namna ya kuishi na mke aliyekasirika. Hakujua namna ya kuishi na mwenyeji. Goti hakulikanda tena. Alimnunulia dawa ya kuchua, akaiweka mezani upande wa mumewe.

Mwishoni mwa mwezi ule kocha akamwita ofisini. Mwili wako umekwisha, akamwambia, wala hakuzunguka. Lakini nimeona ulichomfanyia yule kijana. Nataka uwe msaidizi wangu.

Midomo ilikwisha kuanza kusema sawa. Akaifunga.

"Nikaulize nyumbani," akasema.

Alimkuta mkewe akianika nguo barazani. Akamweleza, akasubiri. Mama Chiriku alibana nguo tatu kabla ya kujibu.

"Ukikaa, usikae kwa ajili yangu, Baba Chiriku. Ukikaa kwa ajili yangu utanidai. Siku moja tutagombana, utanikumbusha. Mimi nakaa kwa sababu napapenda. Wewe kajiulize unakaa kwa sababu gani."

Akaenda kujiuliza. Alitembea mji mzima, mchana kutwa, siku kadhaa, mitaa aliyoijua na asiyoijua. Alifika mpaka kituo cha mabasi ya mbali, akasimama anasikiliza majina ya miji yakitajwa kwenye kipaza sauti. Mengine alikwisha kuyaishi. Alingoja nyayo zimwashe, na kweli zikamwasha; hakuna siku iliyokuwa imepita bila kumwasha na labda haitakuja. Lakini pale pale aliposimama akajikuta anawaza kwamba Umeme akikabwa na watu wawili anageukia kulia siku zote, na timu zote za ligi sasa zimelijua hilo, na asiporekebishwa kabla ya msimu watamla mzima. Akarudi akamwambia kocha ndiyo.

Alipomweleza mkewe, na kumtajia sababu hiyo ya Umeme, mkewe alisema, "Vema." Akafikiri kidogo. "Hiyo angalau ni sababu."

Siku ya kwanza kazini alivaa suruali ndefu na filimbi shingoni, na hakujua mikono aiweke wapi. Alibaki na Umeme baada ya wenzake kuondoka, wakafanya geuko la kushoto mpaka wote wawili wakalowa jasho. Alipotazama simu ilikuwa imejaa miito ya mkewe, naye akakumbuka kwamba leo zamu ya kumchukua Chiriku shuleni ilikuwa yake.

Alimsikia Mama Chiriku kabla hajafungua mlango. Alimwanzia kizingitini, akamfuata sebuleni, akaingia naye jikoni. Mtoto kakaa getini na mlinzi, kamsimulia mlinzi mambo yote ya nyumba hii. Simu ni ya nini kama haipokelewi? Na taulo lile bafuni linaota uyoga, na tangu mji wa tatu anamwambia asiache taulo chini, na mama mkwe alikwisha kumwonya kuhusu mtoto wake, hakusikia. Lile la goti nalo likatajwa, kwa mara ya kwanza tangu chumba kile cha kupimia, likatajwa kwa sauti ya juu, na majina yake yote.

Baba Chiriku alisimama katikati ya jikoni, hakujitetea. Mkewe alipomaliza alikuwa anahema. Akachukua sahani, akapakua chakula kidogo kuliko cha jana, akaiweka mezani kwa kishindo.

"Kula," akasema. "Ukimaliza, vyombo ni vyako."

Akavuta kiti, akala.